Kibali cha Kuukata Mkuyu wa Awindiri

Harufu ya makuyu yaliyooza ndiyo harufu ya utoto wangu, na sitaisifu. Nimewasoma watu wazima wanaoandika juu ya utoto wao. Wakifika kwenye mti wa uani wanalegea kabisa, wanataja kivuli, wanataja ndege, wanataja upepo. Haya, hongera zao. Mimi pia nina mti wangu wa uani, na niliuchukia tangu nilipopata akili. Ulikuwa mkuyu mkubwa nyuma ya nyumba yetu, Awindiri, pale mjini Arua, karibu na ukuta kiasi kwamba mtu mnene hakuweza kupita katikati. Msimu wake wa kuzaa ulipofika, makuyu yalianguka kutwa kucha, yakapondeka chini ya miguu yetu, yakachacha kwa jua mpaka ua mzima ukanuka pombe. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Haboba kama watoto wengine wa Kinubi wanavyowaita bibi zao, alikuwa mtu wa swala tano, pombe hajaitia mdomoni tangu azaliwe, na nyumba yake ilinuka kama kilabu. "Watu napita njiani nasema huyu mama napika waragi!" alikuwa akilalama huku akifagia kwa hasira. Harufu ilileta nzi, nzi wakaja na nyigu, na jua likizama walifika popo. Popo walikula juu wakaachia chini, bila kuchagua pa kuachia: juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mikeka ya kuswalia, juu ya tabaga, vile vifuniko vya chakula vya ukili wa rangi ambavyo Mama alivisuka kwa wiki nzima. Siku moja niliyaona machozi ya Mama kwa ajili ya tabaga moja iliyoharibiwa na kinyesi cha popo, na kuanzia siku hiyo mimi na ule mti hatukuwa na la kuzungumza.

Nyumba yenyewe aliijenga Haboba. Nasema aliijenga, si kwamba alijengewa. Marehemu mume wake alikuwa askari wa Mwingereza, mtoto wa wale askari waliotoka Sudan, akafa akamwachia medali moja na watoto. Haboba aliomba kiwanja, akapewa kile chenye mkuyu kwa sababu wengine hawakukitaka, akakanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akasimamisha miti, akasiliba kuta, na miaka ikapita mpaka akaezeka mabati. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, upande wa mti, na juu ya chumba hicho ulilala tawi moja nene kuliko mwili wa ng'ombe. Baba alikuwa dereva wa lori la jeshi, na siku nyingi alikuwa huko Koboko, ambako alikuwa na mke mwingine na marafiki wengi. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, serikali ya wanajeshi ilikuwa imeshika nchi, na mtu mwenye magwanda upande wetu alitembea kifua mbele. Baba alitembea kifua mbele zaidi ya wote. Akija Arua watoto wa jirani walikimbia kumshika mkono, na wazazi wao walisimama mlangoni wakatabasamu kwa meno tu.

Mambo yaliharibika alasiri moja ya mvua. Upepo ulitoka upande wa Kongo, ukautikisa mkuyu, na tawi moja la pembeni, wala si lile nene, likakatika likaangukia jiko. Haboba alikuwa ndani anakoroga asida, ugali wetu wa Kinubi. Tulisikia mlio kama wa gari kugonga, kisha tukasikia sauti yake, na ajabu ni kwamba hakuwa analia. Alikuwa anautukana mti kwa Kinubi, tusi baada ya tusi, maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Tulipomtoa, mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya goti. Aliwekewa plasta hospitalini, plasta ikatolewa, mguu ukakataa kumbeba. Kuanzia hapo Haboba alikuwa mtu wa kitandani, na kitanda kilikuwa chini ya lile tawi nene. Tulimsihi ahamie chumba cha mbele. "Hii chumba najenga kwa mikono yangu," alisema. "Miti ndiyo itahama." Alipokata kauli, hapakuwa na mtu wa kumgeuza, na hapo ndipo vita yetu ilipoanza. Kila mvua ilipotanda, Mama aliacha alichokuwa akifanya akaenda kukaa kwenye kitanda cha mkwewe, akiwa ameshika kichwa chake mapajani, macho yote mawili kwenye dari.

Mama hakuwa mtu wa njia za mkato. Mti mkubwa katika kiwanja cha mji haukukatwa hivi hivi tu; ilitakiwa kibali, na Mama alijifunga kitambaa akaenda ofisini kukiomba. Wakamtuma bwana wa misitu aje auone mti. Akaja na baiskeli, akauzunguka, akaugonga kwa nyundo hapa na pale, akatega sikio. "Mama, hii miti imeoza tumboni," akasema. Mama akauliza kama wanaweza kukata lile tawi la juu ya chumba tu, mti wenyewe ubaki. Akatikisa kichwa. Lile tawi ndilo lililokuwa likivuta upande wa nyumba, na yale ya upande wa pili yalivuta kwingine. Ukiliondoa moja, shina bovu halitastahimili, na mti wenyewe utaanguka utakapotaka. Ama ukatwe wote kwa kamba na watu wanaojua, ama uachwe ulivyo. Mama akafurahi, akidhani neno limekwisha. Kumbe neno ndiyo kwanza linaanza. Karani wa vibali alimwambia kuwa mtu yeyote mwenye madai juu ya mti ule lazima akubali kwanza, na kwamba mtu mmoja wa kijiji cha Dadamu tayari alikuwa amefika ofisini kusema hakubali.

Mtu huyo alikuwa Mzee Andama. Tulimfahamu. Mara kwa mara, hasa mavuno ya kwanza yakitoka, alikuja kwa miguu kutoka Dadamu, mrefu, mkavu, kofia ya kitambaa kichwani hata kwenye joto, akapita uani kwetu akaenda kukaa kwenye mizizi ya mkuyu. Alikaa kidogo, akamwaga kitu kutoka kwenye kibuyu, akaondoka. Haboba alikuwa akimpa maji ya kunywa na hakumwuliza lolote. Alidhani anachuma magome ya dawa. Sasa karani akamwambia Mama la kweli. Kwa Walugbara wa zamani, wenyeji wa pande zetu, mzee mkubwa akifa, mkuyu ulipandwa kichwani mwa kaburi lake, na kile kiwanja chetu, kabla ya mji kufika, kilikuwa boma la kina Andama. Chini ya mizizi ile alilala babu yake. Mama aliposikia hivyo alikaa chini pale pale. Kisha akasimama, akamfuata Dadamu nyumbani kwake, nami nikamfuata nyuma, na sijawahi kusikia watu wazima wakigombana vile.

"Mzee Andama, mama yangu iko kitandani," Mama alianza kwa upole. "Mguu yake imevunjika. Tawi ikianguka, yeye nakufa."

"Na babu yangu iko chini," akajibu mzee, bila hata kumkaribisha kiti. "Ukikata miti, yeye nalala wapi?"

"Yeye amekufa zamani!"

"Kwa hivyo?"

Hilo "kwa hivyo" lilimchoma Mama kuliko tusi. Alisema mambo ambayo sitayaandika, juu ya watu wanaopenda mifupa kuliko binadamu wenye pumzi. Mzee Andama naye akasema Wanubi walikuja na bunduki ya mzungu, wakapewa ardhi ya watu kama peremende, na sasa wanataka hata wafu wahame. Akasema ofisini hatatia neno lake, na kama Mama anaogopa tawi, amhamishe yule mwanamke mkaidi chumba kingine, kwani ana mizizi?  Njiani kurudi Mama alitembea haraka sana, na mimi nilikimbia nyuma yake nikimlaani Mzee Andama kwa kila laana niliyoijua, na kwa umri wangu nilijua chache, nikazirudia.

Ni Haboba aliyepata wazo la karama. Watu wa asili yetu, shida ikikaa nyumbani, huchinja. Unachinja mbuzi, unamwita shehe asome, unawaalika majirani wale, wanainua mikono kukuombea, na mtu aliyekula karama yako anaona haya kukuzuia jambo. Tumefanya hivyo kwa wagonjwa, kwa safari, kwa mimba zinazochelewa. "Mwite huyo mzee," Haboba alisema kutoka kitandani. "Mwite na ndugu zake yote. Akule, ashibe, utaona moyo yake." Mama alisitasita kwa sababu ya kiburi, lakini mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kukusanyika, naye akakubali. Nilitumwa mimi na binamu yangu kupeleka mwaliko Dadamu. Mzee Andama alitusikiliza, akauliza mbuzi atachinjiwa wapi. Tukamwambia uani, penye kivuli. Akatutazama, uso ukalainika, akasema watakuja.

Wakaja kweli, wazee kwa vijana, wamevaa safi, na mmoja wao amebeba jogoo wa zawadi. Mama aliyaona hayo akanikonyeza: mambo yamekaa vizuri. Uani kwetu kivuli kilikuwa kimoja tu, cha mkuyu, kwa hiyo mikeka ilitandikwa pale na shimo la damu likachimbwa pale, katikati ya mizizi miwili, ili lisinuke njiani. Shehe akasoma, mbuzi akachinjwa, damu ikaingia shimoni. Niliona kina Andama wote wamenyamaza, hata watoto wao. Nyama ilipoiva, wao kama wageni walipewa kwanza, sahani ya kwanza Mzee Andama. Akachukua kipande cha ini, akakiweka juu ya jani kwenye mzizi, na Haboba, aliyekuwa anachungulia dirishani, akacheka akasema mzee huyu ana huruma, anamkumbuka hata paka. Kisha wakala, tukala, wakainua mikono pamoja nasi. Walipoondoka, Mzee Andama alimshika Mama mikono yote miwili na macho yake yalikuwa mekundu. Mama alilala usingizi mzuri siku hiyo. Sisi sote tulilala tukijua kibali kimepatikana.

Jumatatu Mama alienda ofisini amevaa gomasi ya sikukuu. Nilikwenda naye kwa sababu nilitaka kuona aibu ya Mzee Andama, au huruma yake, lolote litakalotoka. Yeye na ndugu zake walikuwa wamefika kabla yetu. Karani, ambaye naye alikuwa Mlugbara wa pande hizo hizo, alimwuliza Mama maswali machache tu. Mlichinja chini ya mti? Ndiyo. Damu ilimwagwa kwenye mizizi? Ndiyo. Mliwaita watu wa ukoo huu, wakala mwanzo? Ndiyo, ndiyo, Mama alijibu kwa fahari, akidhani anasifiwa ukarimu. Karani akaiweka kalamu chini.

"Basi mama, sasa unataka kibali ya nini? Nyinyi wenyewe mmelisha mwenye kaburi. Mmekubali yeye iko pale, na nyinyi iko watu yake."

Mama alimgeukia Mzee Andama, na mzee, maskini wa Mungu, alikuwa anatabasamu. Nakiri kwamba leo nafahamu lile tabasamu lilikuwa la kweli. Kwake yeye ugomvi ulikuwa umekwisha: tuliokuwa wageni juu ya kaburi tulikuwa tumemchinjia babu, babu alikuwa ametupokea, na mtu aliyepokelewa hawezi tena kuangukiwa na tawi la mti wake. "Usiogope sasa," akamwambia Mama kwa sauti ya mtu anayembembeleza binti yake. "Wewe sasa ni muke ya nyumba yetu. Babu hawezi kukuumiza."

Mtume! Mama alilipuka. Alimwambia mbele ya watu wote wa ofisi kuwa yeye si mke wa nyumba yao, kwamba afadhali alale barabarani kuliko kuwa mtu wa kaburi la kafiri, kwamba karama ile ilikuwa ya Mwenyezi Mungu na wao waliila kwa hila. Alimwita mwizi wa nyama. Tabasamu la Mzee Andama lilizimika taratibu, akavaa kofia yake, akatoka. Kibali kilikataliwa na faili likafungwa. Mama alilia njia nzima bila kujificha, na nyumbani alipomweleza Haboba, yule bibi kizee hakulia. Alisema neno moja tu: "Mwite Baba yake Zaitun." Zaitun ni mimi.

Baba alikuja na lori. Aliwaleta askari wenzake, kamba, mashoka, na msumeno mrefu wa watu wawili. Mama alimpokea mlangoni akamwambia jinsi kibali kilivyokataliwa na kwamba labda angeomba tena wilayani. Baba akalivuta shati la magwanda yake kwa vidole viwili. "Kibali ndiyo hii," akasema, na askari wakacheka. Mama akaingia ndani kumtoa Haboba. Tulimbeba na kitanda chake mpaka barabarani, akakaa pale kama bibi harusi, amejifunika kanga mpya, anangoja. Watu wa mtaa walitoka wakasimama mbali. Mtu akakimbia Dadamu, maana msumeno haukuwa umeingia hata nusu ya shina Mzee Andama alipofika akihema, peke yake. Hakumgusa askari yeyote. Alimwendea Baba moja kwa moja, akamshika mkono wa shati, akasema, "Kijana yangu, mama yako amechinja hapa. Mke yako amechinja hapa. Wewe nakata nani?"

Baba akampiga kofi. Mzee aliyekuwa rika la baba yake, mbele ya mtaa mzima, kofi la mkono wazi, mlio wake nikausikia kule barabarani. Kofia ikaanguka. Mzee Andama hakuiokota. Alisimama palepale na mkono shavuni, na msumeno ukaanza tena. Haboba aliufunika uso wake kwa kanga. Mama alikuwa ameuma kidole. Mti ulipoanguka, uliangukia upande wa nyuma, mbali na nyumba, kama Baba alivyotaka, nchi ikatikisika, vumbi likapanda, na ndani ya shina ulikuwa mtupu kabisa, mweusi, umeoza kama bwana wa misitu alivyosema. Mimi nilishangilia. Sitasema uongo hapa ili nionekane mwema. Nilirukaruka nikapiga makofi, kwa sababu anga lilifunguka juu ya chumba cha bibi yangu na hapakuwa na kitu tena cha kumwangukia. Nilipogeuka kumtafuta Mzee Andama, alikuwa amekwenda zake, kichwa wazi.

Tulishinda, basi. Haboba aliishi misimu kadhaa baada ya hapo, akafa kitandani mwake, kiangazi, chini ya mabati mazima. Hilo ndilo tulilolitaka na tulilipata. Ila siku ya mazishi yake uwanja wetu ulijaa Wanubi watupu. Watu wa Dadamu, ambao walikuja kwenye kila msiba wa Awindiri bila kuuliza dini, hawakuja hata mmoja. Ilikuwa hivyo tangu mti uanguke. Wanawake waliopita na mihogo kwenda sokoni walitukwepa, wakaenda kuuza nyumba ya pili. Mtoto wa Andama aliyesoma darasa moja na mimi alihama dawati. Hapakuwa na tusi, hapakuwa na jiwe lililorushwa juu ya paa. Nani angethubutu kuturushia jiwe wakati Baba alipita na lori lake? Walitunyima salamu tu. Mama aliyejua kuhesabu mambo yake alianza kusuka tabaga kwa nguvu mpya, maana hakuna tena popo wa kuzichafua, lakini aliuzia mbali, Koboko na Omugo, kwa watu wasiotujua.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipanda kutoka kusini mpaka kwetu. Magwanda yaliyokuwa kibali yaligeuka balaa. Tuliyaona yametupwa mitaroni, mashimo ya vyoo yakajaa kofia za jeshi. Baba alikuwa amepotelea upande wa Koboko kuelekea Sudan, na Mama aliamua kutuvusha Kongo kwa miguu. Barabara kubwa ilitisha. Njia iliyobaki ilikuwa ya vichochoro vya mashambani, kupitia Dadamu. Mama alijua vizuri inapita kwa nani. Alitufunga vitambaa vya vichwa kama wakulima, akambeba mdogo wangu wa mwisho mgongoni, na tulipofika penye mashamba ya kina Andama, tulimkuta mzee mwenyewe amekaa katikati ya njia juu ya kigoda, wanawe wamesimama nyuma yake na mapanga. Walikuwa wanalinda boma lao. Siku zile kila mtu alilinda boma lake. Alikuwa amezeeka. Kofia yake haikuwa ile ya zamani. Alimtambua Mama papo hapo licha ya kile kitambaa cha kijinga.

"Munapita?" akauliza.

"Tunapita, mzee."

"Iko kibali?"

Mwanawe mmoja alicheka, yule aliyehama dawati.  Mama alisimama na mtoto mgongoni, jua linampiga, na nyuma yetu kwa mbali mizinga ilikuwa inasikika. Nilimjua mama yangu. Nilijua hawezi kumwomba mtu yule. Nilianza kutafuta kwa macho njia nyingine, na hapakuwa na njia nyingine.

"Naomba," Mama akasema.

"Nani naomba?"

 Akapiga magoti mavumbini, yeye na mzigo wake, akasema kwa sauti niliyoisikia vizuri sana: "Mimi. Muke ya nyumba yenu."

Mzee Andama alimtazama kuanzia kitambaa hadi magoti. Akavuta kigoda chake pembeni. "Pita," akasema. Maji hakutupa, wala sisi hatukuomba. Tulipita kati ya wanawe tukiwa tumeinamisha vichwa, na jioni tulikuwa ng'ambo ya mpaka, hai. Kule uhamishoni tulikaa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo Mama hakuwahi kulitaja lile jina la Andama, wala kuniruhusu nilitaje.

Sasa mimi ni bibi wa watu, ninaishi Arua tena, mtaa mwingine. Mwezi uliopita jirani yangu, kijana wa biashara ya simu, alitaka kuondoa mti mkubwa mpakani kwetu. Alinitumia mtu na karatasi ya manispaa, nikatia sahihi nikiwa nimesimama na sufuria mkononi, na asubuhi iliyofuata mashine ililia, ikanyamaza, mti ukawa umekwenda. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyelia. Yule kijana simjui jina, naye sidhani kama anajua langu. Kila mtu ananiambia hayo ndiyo maendeleo, na kwa upande wa kugombana ni kweli: kina Mama wangeokoa machozi mengi. Lakini sidhani kama kuna mtu katika mtaa huu ambaye, vita ikija, nitajua nimpigie magoti kwa jina gani.

Baba alirudi mzee na mpole, akafia mikononi mwangu. Mpaka mwisho alishikilia kwamba ule mti ulistahili kukatwa, na mimi nilimjibu kila mara kwamba ndiyo, ulistahili, ulikuwa umeoza tumboni, ungemuua mama yake. Halafu nilinyamaza, naye alijua ninangoja aseme juu ya lile kofi. Aligeukia ukutani.